Baada ya Mahafali, Nani Atakaa na Mitambo?

Bwawa la Owen Falls lilipopangwa kujengwa Jinja, Misri ilidai jambo moja zaidi ya saruji na mashine: mhandisi wake akae pale pale. Makubaliano ya 1949 kati yake na Uingereza yaliruhusu hivyo. Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa hilo Aprili 1954, na kwa miongo mingi iliyofuata wahandisi wa Kimisri waliishi Jinja wakifuatilia kiasi cha maji yanayotoka Ziwa Viktoria kwenda kwao. Misri ilikuwa imechangia fedha ili ukuta uongezwe kimo, lakini haikuona kwamba fedha zinatosha. Ilitaka mtu wake, aliyesomea maji, aamke kila siku akatazame kipimo.

Habari hiyo inafaa kukumbukwa kila msimu wa mahafali unapofika mashariki mwa Uganda. Siku hizo barabara kuu ya Jinja kwenda Malaba hubeba familia nzima nzima zinazokwenda Busitema, akina mama wamevaa gomesi, akina baba kanzu na koti juu yake. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Busitema kiko hapo tangu chuo kilipoanzishwa 2007, juu ya misingi ya kilichokuwa chuo cha taifa cha zana za kilimo. Mbale nayo ina Chuo cha Ufundi cha Uganda Elgon, kinachotoa mafundi sanifu wa stashahada. Vigelegele, picha, pilau na matoke: kila kitu kina haki yake. Nyuma ya kila joho kuna ng'ombe aliyeuzwa, mkopo wa chama, au mjomba aliyelipa ada muhula baada ya muhula.

Historia nayo inaipa haki shangwe hiyo. Royal Technical College ilipofungua milango Nairobi mwaka 1956, kijana wa Busoga au Bugisu aliyetaka uhandisi bila kwenda ng'ambo ilimbidi apande treni kwenda Kenya. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970, mgawanyo ulibaki huo: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Makerere ilipata kitivo chake cha teknolojia mwaka 1970. Mwaka uliofuata Idi Amin akatwaa madaraka, na 1972 akawapa Waasia siku 90 waondoke. Jinja, mji wa viwanda, ukapoteza kwa mkupuo mameneja na mafundi walioijua mitambo yake. Mashine zilibaki, wanaozijua wakaenda zao, na mji ule ulichukua miaka mingi kuinuka.

Kwa hiyo swali la hadhara si kama wahitimu wapongezwe. Wapongezwe, tena kwa sauti kubwa. Swali ni kama mkoa unaowasomesha una mpango wowote wa kukaa nao.

Mafanikio yao hayamo kwenye cheti peke yake. Mwanafunzi wa uhandisi hamalizi bila mradi wa mwaka wa mwisho: achague tatizo, abuni kifaa au mfumo, aujaribu, kisha autetee mbele ya walimu wake. Kozi za Busitema zinafanana na maisha ya watu wanaoizunguka: zana za kilimo na umwagiliaji, rasilimali za maji, madini, nguo, kompyuta. Miradi huzaliwa karibu na shamba na kisima. Chukua mashine ya kumenyea kahawa. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon wakulima wengi wa arabika humenya kahawa yao nyumbani, kwa mashine ndogo inayozungushwa kwa mkono. Nafasi kati ya ngoma na bamba ikiwa finyu mno, punje hukwaruzika na bei hushuka. Ikiwa pana mno, matunda hupita na maganda yake na kazi ikarudiwa. Kijana anayebuni njia ya kurekebisha nafasi hiyo kwa spana moja, bila kumsubiri fundi kutoka mjini, amefanya uhandisi kamili, na kila gunia litakaloshuka Mbale litakuwa shahidi wake.

Kisha nini? Mara nyingi ripoti hujalidiwa, kifaa huwekwa stoo ya karakana, na mbunifu hupanda gari kwenda Kampala na bahasha ya vyeti. Hapo ndipo hasara inapoanza, na haihesabiwi popote.

Ushahidi kwamba mambo yanaweza kwenda vingine uko Jinja kwenyewe. Wanafunzi wa Makerere walishirikiana na vyuo vya nje, wakiongozwa na MIT ya Marekani, kubuni gari la Vision 200 lililoonyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Waliporudi walitaka kutengeneza la kwao. Novemba 2011 wakaendesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, mjini Kampala. Februari 2016 likafuata basi la Kayoola la viti 35 lenye paneli za sola juu ya paa. Katikati ya hapo, mwaka 2014, ilikuwa imeundwa kampuni ya Kiira Motors, na mwaka 2019 ujenzi wa kiwanda chake ukaanza Jinja. Mradi wa darasani ulipata ardhi, karakana na mishahara.

Wapo wanaoupinga mfano huu, na hoja yao si nyepesi. Fedha za umma zimeingia kwa miaka mingi huku wananchi wakipanda mabasi yale yale ya zamani. Mlipakodi ana haki ya kudai hesabu, shilingi kwa shilingi. Lakini ukiitazama safari ile kwa makini, kilichowatofautisha vijana wa Kiira na wenzao si akili peke yake. Walipata mnunuzi wa kwanza, yaani serikali, aliyekubali kununua kitu ambacho bado hakijakamilika na kusubiri. Mashine ya kahawa inahitaji sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Haihitaji kiwanda. Chama cha ushirika kikiagiza mashine chache, kikazijaribu msimu mmoja na kurudisha majibu kwa aliyezibuni, tayari kuna biashara. Bugisu Cooperative Union iko Mbale tangu 1954. Wateja wa mashine hiyo wanajulikana hadi vijiji vyao.

Tazama pia Mto Nile wenyewe, pale Jinja. Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018 baada ya kujengwa na Zenitaka ya Japani na Hyundai ya Korea Kusini. Bwawa la Isimba, kaskazini mwa Jinja, lilijengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa 2019. Agosti 2022 maji yakafurika ndani ya jengo la mitambo la Isimba, megawati 183 zikazimika, na nchi ikaonja giza. Ajali kama hiyo inaonyesha pengo kati ya kukabidhiwa mtambo na kuujua. Mjenzi hufunga mizigo yake. Anayebaki ndiye anayepaswa kujua kila lango, kila pampu, kila kengele ya tahadhari.

Bwawa la zamani la Owen Falls, leo Nalubaale, lina somo la taratibu zaidi. Zege la jengo lake la mitambo limekuwa likivimba kwa miaka mingi kwa sababu kokoto na saruji yake huathiriana kikemikali zikikutana na unyevu. Nyufa hufunguka kidogo kidogo, na mitambo iliyofungwa juu ya zege hilo huhitaji kusawazishwa upya. Kazi ya kusoma nyufa haina utepe wa kukata wala mgeni rasmi. Inataka mtu aliyezipima mwaka jana, na mwaka juzi, na anayejua ipi imesogea.

Na sasa hakuna wa kusingiziwa. Machi 31, 2023, mkataba wa kampuni ya Eskom wa kuendesha vituo vya umeme vya Nalubaale na Kiira ulimalizika, mitambo ikarudi mikononi mwa kampuni ya umma ya UEGCL. Aprili 2025 usambazaji wa umeme nao ukatoka kampuni ya Umeme kwenda kampuni ya umma ya UEDCL. Ni kweli kwamba hata chini ya Eskom na Umeme wafanyakazi wengi walikuwa Waganda. Lakini uamuzi wa nani aajiriwe, nani afundishwe kazi, wahitimu wangapi wapewe miaka miwili pembeni mwa mhandisi mzee kabla hajastaafu, sasa ni uamuzi wa umma. Unaweza kuulizwa bungeni.

Mbale haja yake ni nyingine. Usiku wa Julai 30, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake, ikaua zaidi ya watu 20 na kukata mabomba ya maji ya mji uliokuwa umepewa hadhi ya jiji miaka miwili tu kabla. Kinga ya mafuriko kama yale haianzii kwenye mradi mkubwa wa wafadhili. Inaanzia kwa kijana mwenye kipimo anayetembea mtaro kwa mtaro, akiandika kalavati ipi ni nyembamba, ipi imezibwa na plastiki, na nyumba zipi zimejengwa njia ya maji. Hiyo ni kazi ya mhitimu wa rasilimali za maji katika mwaka wake wa kwanza. Jiji likiwapa wanafunzi orodha ya matatizo yake kila mwaka, nao wakayachukua kama miradi ya kumalizia masomo, Mbale itapata ramani na wao watapata mwajiri anayewajua kwa kazi zao.

Mji huu umewahi kuonyesha nguvu ya kukaa karibu na tatizo. Katika hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa Mbale 2001, daktari Benjamin Warf aliona kwamba bomba linalowekwa kutoa maji kichwani mwa mtoto huziba, na mama anayeishi mbali na hospitali huenda asifike kwa wakati. Akaunganisha njia mbili za upasuaji ili watoto wengi waishi bila bomba kabisa. Njia hiyo imefundishwa kwa madaktari wa nchi nyingi, na imetoka Mbale kwa sababu mahitaji ya Mbale ndiyo yaliyoidai.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hotuba za mahafali huwa hazikitaji. Sheria ya usajili wa wahandisi, ya tangu 1969, haimhesabu mhitimu kuwa mhandisi hadi apate uzoefu wa kazi unaokubalika. Pasipo mhandisi aliyesajiliwa wa kumsimamia karibu na kwao, atahama, apende asipende. Kumlaumu kwamba amekimbilia Kampala au Ghuba ni kumwonea. Dawa ipo: halmashauri za majiji ya Jinja na Mbale ziwe na wahandisi wasimamizi wa kutosha, na kila mkataba wa barabara au mtaro utaje idadi ya wahitimu watakaofunzwa ndani yake, na malipo yao yaandikwe kwenye makadirio kama yanavyoandikwa ya kokoto.

Kazi kubwa ya kujaribia mpango huo imeshawadia. Oktoba 2014 hadi 2024 ilikuwa miaka kumi ya mazungumzo mengi kuhusu reli ya kisasa, na hatimaye Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na Yapı Merkezi ya Uturuki mkataba wa kilomita 273 kutoka Malaba hadi Kampala. Njia hiyo inapita Tororo na Jinja, si mbali na lango la Busitema. Reli hiyo itahitaji watu wa mifumo ya umeme, mawasiliano, madaraja na tuta kwa miongo mingi baada ya Waturuki kuondoka. Wizara ya ujenzi ichapishe sasa, wakati kazi ingali mbele, ni nafasi ngapi za mafunzo zimetengwa kwa wahitimu wa vyuo vilivyo kando ya njia, na Busitema na Elgon zipewe barua zenye idadi hiyo kabla ya mahafali yajayo.