Mgeni si Kuku Mweupe Tena

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake i wazi: kuku mweupe akiingia katika kundi la kuku wengine, macho yote humwelekea yeye. Mgeni akifika kijijini kwetu, watoto humwona kabla hajafika uani, wakubwa humwuliza ametoka kwa nani na anakwenda kwa nani, na jua haliwahi kuchwa kabla mji mzima haujalijua jina lake. Akikosea njia, huonyeshwa. Akiugua, hujulikana. Hata akitaka kujificha hawezi.

Juma hili nataka kusema na vijana wetu wajiandaao kwenda London, wengine kusoma katika vyuo vikuu, wengine kuuguza wagonjwa hospitalini kwa mapatano ya mwaka 2021 baina ya serikali ya Kenya na ya Uingereza. Nataka kusema vile vile na wazee wao watakaobaki hapa wakingoja habari. Jambo la kwanza la kuwaambia ni kwamba huko waendako methali hiyo haitawafaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa London ina watu wapatao milioni 8.8, na kwamba katika kila watu kumi, wanne walizaliwa nje ya Uingereza. Mahali penye kuku weupe wengi kiasi hicho, hakuna amtazamaye mmoja.

Mgeni hulitambua jambo hili mapema. Katika treni za chini ya ardhi, ambazo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1863, watu huketi magoti yakikaribia kugusana, wala hakuna asemaye neno. Jirani wa mlango wa pili aweza kumaliza mwaka mzima asijue jina lake. Mtu humwuliza habari zake kisha akapita kabla jibu halijaisha, kwa sababu kwake yeye hiyo ni salamu, si swali. Kijana aliyelelewa kujua kwamba kumpita mtu bila salamu ni utovu wa adabu hudhani kuwa anachukiwa. Chuki ipo, kama ilivyo kila mahali, lakini kimya hicho kwa kawaida si chuki. Ni desturi ya watu walio wengi mahali pamoja, ambao huona kwamba kumwacha mtu na mambo yake ndiyo heshima. Anayelifahamu jambo hili tangu mwanzo hapotezi miezi yake akinung'unika.

Tena kuna giza. Sisi tukaao karibu na Ikweta, jua letu huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. London, katika mwezi wa Desemba, jua huchomoza yapata saa mbili asubuhi na huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Koti zito lapatikana dukani, na soksi za sufu pia. Lakini hakuna duka liuzalo dawa ya kuketi chumbani peke yako, jioni baada ya jioni, juma baada ya juma. Baridi huushika mwili. Upweke ndio uushikao moyo, na vijana wengi huwa wamejiandaa kwa baridi tu.

Basi mtu afanye nini? Jibu langu ni neno moja: aulize. Kwetu mgeni huulizwa. Kule mgeni ndiye aulizaye. Asiyeuliza hataonewa huruma, kwa kuwa hakuna atakayejua kwamba ana haja.

Na aanze kuuliza juu ya daktari. Kila mtaa una daktari wake wa kawaida, na kujiandikisha kwake ni bure, hata kwa mtu asiye na hati ya kuonyesha anwani yake. Mwanafunzi aliyeomba viza ya zaidi ya miezi sita huwa amekwisha kulipa ada ya matibabu pamoja na ombi lake. Hata hivyo wako wanaokaa mpaka waugue ndipo watafute mahali pa kwenda. Yafaa kujiandikisha katika juma la kwanza, wakati mtu angali mzima na miguu yake ina nguvu ya kutembea.

Kisha aulize juu ya chumba. Asilipe hata pauni moja kwa chumba ambacho yeye, au mtu amwaminiye, hajakiona kwa macho, kwa maana wezi wa vyumba vya hewani wapo huko kama walivyo hapa. Ajue pia kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 2019 inamkataza mwenye nyumba, kwa upangaji wa kawaida, kudai amana ipitayo kodi ya majuma matano. Na kwamba amana hiyo yapasa kuwekwa, katika muda wa siku 30, mahali palipoidhinishwa na serikali. Akidhulumiwa, iko jumuiya iitwayo Citizens Advice, iliyoanza mwaka 1939, ambayo huwapa watu shauri bila malipo. Kwenda huko si aibu. Waingereza wenyewe huenda.

Aulize pia juu ya nauli. Tangu mwaka 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Abiria huigusisha kadi yake kwenye mashine iliyo karibu na dereva. Hakuna kondakta wa kumwita wala wa kumrudishia chenji. Lakini nauli ya basi ni moja, uende karibu au mbali, na kwa kawaida ni nafuu kuliko ya treni. Mwenye mfuko mwepesi na aamke mapema apande basi, naye atauona mji kupitia dirishani badala ya kupita chini yake kama fuko.

Wala asidhani kwamba yeye ni wa kwanza kupatwa na mambo haya. Mwaka 1867 Bibi Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, alifika Hamburg, Ujerumani, pamoja na mumewe Mjerumani. Mwaka 1870 mume huyo alikufa baada ya ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu katika mji ambao hakuwa na hata ndugu mmoja wa kwao. Ilimbidi ajitafutie riziki, na miongoni mwa kazi zake alifundisha Kiarabu. Hakuwa na mtu wa kumwuliza kwa lugha ya mama yake.

Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London waliona taabu ya namna nyingine. Wenye nyumba wengi waliwafungia milango kwa sababu ya rangi. Hawakukaa kila mmoja chumbani mwake akilia. Mwaka 1925 waliunda chama chao, Ladipo Solanke wa Nigeria akiwa mmoja wa waanzilishi, na mwaka 1933 wakafungua bweni lao wenyewe mtaa wa Camden. Katika miaka ile ile, toka 1933 mpaka 1937, Mzee Jomo Kenyatta alikaa katika nyumba namba 95, Cambridge Street, ambayo leo ina kibao cha ukumbusho ukutani. Fedha zilimpungukia mara nyingi. Lakini alikuwa na watu: alikutana na Waafrika wenzake na watu wa West Indies kama George Padmore na C. L. R. James, akasoma, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake juu ya Wagikuyu.

Mgeni wa leo ana bahati kuliko hao. Wako watu wa Afrika Mashariki London waliokaa miaka mingi. Wako makanisani, misikitini, na katika vyama vya wanafunzi. Atafute watu hao kabla hajawahitaji. Ila asijifungie kwao peke yao, maana aliyekwenda London akaishi kana kwamba hakutoka Nakuru amelipa nauli ya bure. Na awe na wazee wake wa kumwonya, na wenyeji wa kumfundisha njia.

Sasa nageukia nyumbani, kwa sababu huko ndiko mzigo mwingi unakotoka. Kijana akiondoka, ukoo mzima huchanga nauli, na tangu siku ile kila mmoja hungoja. Mshahara ukitajwa kwa pauni, sisi huku huugeuza kuwa shilingi, tukashangilia. Twasahau kwamba kodi ya chumba nayo yalipwa kwa pauni, na mkate pia, na nauli pia. Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo, kwa kawaida, haruhusiwi kufanya kazi kupita saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Akidaiwa fedha kila mwisho wa mwezi, atashawishika kufanya kazi kwa siri usiku, alale darasani mchana. Na akigunduliwa, aweza kupoteza viza, masomo, na zile fedha zote za mchango. Hapo ukoo utakuwa umeila mbegu.

Kijana naye ana sehemu yake. Atuma picha amesimama kando ya Mto Thames, koti jipya, meno nje, wala hasemi kwamba siku tatu hajazungumza na mtu. Aona haya. Lakini wazee walikwisha kusema: mficha uchi hazai. Asipowaambia wa kwake hali yake, wataendelea kumwomba pikipiki na mabati, nao hawana kosa, kwa kuwa wameamini picha waliyotumiwa. Barua ya kweli huumiza siku moja. Barua ya uongo hudai kujazwa kila mwezi.

Kwa hiyo nawasihi wazazi. Mwanao akipiga simu kutoka London, usianze na habari ya fedha. Mwulize kwanza: umekula nini leo? Chumba chako kina joto? Ni nani hapo karibu atakayejua ukiugua? Akijibu swali hili la tatu kwa kutaja jina la mtu, mshukuru Mungu, mwanao ametulia. Akinyamaza, usikate simu.