Kupika Kioo na Kupika Majibu

Katika maabara za shule za sekondari liko zoezi ambalo karibu kila mwanafunzi wa fizikia hulipitia. Kipande cha kioo chenye umbo la mstatili hulazwa juu ya karatasi nyeupe, pini nne huchomekwa, na mwanafunzi huinama, akafumba jicho moja, akazisogeza pini mpaka zote zionekane zimejipanga katika mstari mmoja. Kisha hupima pembe na kukokotoa kiasi ambacho kioo kile huipinda nuru. Jibu linajulikana hata kabla ya kazi kuanza: ni 1.5. Aliyepata 1.62 hana raha. Hulitupia jicho daftari la jirani, hufuta pembe moja, huongeza nyuzi mbili katika nyingine, na baada ya dakika chache jibu lake nalo limekuwa 1.5. Wanafunzi wenyewe wanalo neno la kazi hiyo. Huiita kupika.

Hapana shaka mwalimu asomaye ukurasa huu anaijua desturi hiyo, na pengine naye aliifuata zamani zake. Wengi huihesabu kuwa utundu mdogo wa kutafuta maksi. Lakini utundu huo humfundisha kijana jambo kubwa, nalo ni kwamba jibu lisilotarajiwa ni aibu ya kufichwa. Lau mafundisho hayo yangefuatwa na watafiti wa vioo, baadhi ya vioo vyenye thamani kubwa kabisa katika sayansi ya leo visingalikuwapo.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kukumbuka kioo ni kitu gani. Mchanga safi ukiyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, kisha ukapozwa upesi, chembe zake hazipati nafasi ya kujipanga. Huganda pale pale zilipo, kama umati wa sokoni ulioamriwa ghafla usimame. Fuwele ni kinyume chake: chumvi, sukari na almasi ni fuwele, na ndani yake kila chembe imekaa mahali pake kwa mpango unaojirudia. Kwa fundi wa kioo, fuwele zilikuwa adui kwa karne nyingi. Kioo kilichopozwa polepole mno huingia ukungu mweupe, kikawa dhaifu, kikatupwa.

Mfaransa Réaumur alijaribu kumfanya adui huyo rafiki. Mwaka 1739 alieleza jinsi alivyozifukia chupa katika mchanga na jasi, akazioka kwa siku kadhaa mpaka zikawa nyeupe mithili ya kauri. Fuwele zake, hata hivyo, ziliota kutoka juu kwenda ndani, kubwa na zisizolingana, na chombo kilichopatikana hakikuwa na nguvu. Hakuweza kuziamuru. Jambo hilo likalala kwa zaidi ya miaka 200.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia wa Kimarekani aliyeitwa S. Donald Stookey alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Corning, jimbo la New York. Alikuwa amebuni kioo kinachoshika picha kama ifanyavyo filamu ya kamera. Ndani yake mlikuwa na lithiamu na fedha kidogo sana. Kikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno kisha kikapashwa moto, ile fedha hujikusanya kuwa chembechembe, na picha ikatokea. Siku moja alitia bamba la kioo hicho katika tanuru, akalitegesha lifike nyuzi 600 za Sentigredi. Chombo cha kudhibiti joto kikaharibika. Aliporudi alikuta tanuru limefika nyuzi 900. Alitazamia kukuta uji wa kioo umetapakaa na tanuru limeharibika. La ajabu ni kwamba bamba lilikuwa na umbo lake lile lile, ncha zake hazijalegea, ila limegeuka jeupe pepepe. Alipolitoa kwa koleo lilimponyoka, likaanguka sakafuni. Lililia kama chuma wala halikuvunjika.

Hadithi hii hupendwa sana, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Husemwa kuwa Stookey alibahatika, na mwanafunzi akatoka darasani akiamini kwamba uvumbuzi ni bahati nasibu. Moto kupita kiasi si bahati ya mtu mmoja. Kila mfinyanzi wa Ukisi, kando ya Ziwa Nyasa, anaujua moto uliomharibia vyungu. Tofauti ni kwamba Stookey alijua bamba lake lilikuwa na nini ndani yake na kwa kiasi gani, alijua joto aliloliagiza, akasoma joto lililofikiwa, wala hakujifanya kwamba lilikuwa 600. Kwa sababu alikuwa na namba hizo aliweza kuuliza swali ambalo Réaumur hakuweza kulijibu: kwa nini fuwele hizi zimeota ndani kote, ndogo na zenye kulingana? Jibu lilikuwa katika chembechembe za fedha. Kila chembe ilikuwa kiini ambacho fuwele ilianzia kukua, kama mbegu katika shamba lililopandwa kwa nafasi. Baadaye fedha ikaachiwa nafasi oksidi ya titaniamu, na mwaka 1957 Corning ilitangaza hadharani aina mpya ya vitu: vioo-kauri. Huyeyushwa na kufinyangwa kama kioo, kisha hupashwa moto kwa awamu mbili, ya kwanza ya kuzalisha viini na ya pili ya kukuza fuwele.

Msomaji ataona mara moja kwamba hapa kila kitu ni joto na muda. Fuwele zikikua mpaka zikaribie urefu wa wimbi la nuru, yaani baina ya nanomita 400 na 700, huitawanya nuru na kioo huwa cheupe kama maziwa. Zikizuiwa zisizidi nanomita 50 au kama hizo, nuru hupita bila kuziona, ingawa sehemu kubwa ya kitu kile si kioo tena. Katika mwaka 1968 kampuni ya Schott ya Ujerumani ilianza kutengeneza kioo-kauri cha namna hiyo kiitwacho Zerodur. Fuwele zake hunywea zinapopata joto, na kioo kinachozizunguka hutanuka, na mambo hayo mawili hufutana. Fimbo ya kioo cha dirisha yenye urefu wa mita 1 ikiongezewa joto la nyuzi 1 hurefuka kwa kiasi cha mikromita 9. Ya Zerodur haifikishi hata 0.1. Ndiyo maana vioo vinne vya darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Paranal, nchini Chile, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha mita 8.2, vilitengenezwa kwa kitu hicho, na kioo cha mita 39 cha darubini nyingine inayojengwa nchini humo kinaungwa kwa vipande 798 vya kitu hicho hicho. Inafaa kukumbushwa, kwa kupita tu, kwamba lithiamu ni kiungo muhimu cha vioo-kauri vingi, na kwamba jiwe la petalaiti kutoka Bikita, Zimbabwe, limeviliisha viwanda vya vioo na kauri vya ng'ambo kwa miaka mingi.

Mfano wa pili hausimuliwi sana mashuleni, nao una nguvu zaidi kwa sababu hauna ajali ndani yake. Wapiga picha na wataalamu wa maabara hutumia vichujio vya nuru: vipande vya kioo cha manjano, cha rangi ya machungwa au chekundu, ambavyo huipitisha nuru ya rangi moja na kuizuia nyingine. Baadhi ya vioo hivyo hutiwa kadimiamu, salfa na seleniamu, na vinapotoka katika chungu cha kuyeyushia huwa havijapata rangi yake. Rangi huja vinapopashwa moto mara ya pili. Mafundi walijua kwa uzoefu kwamba moto ukizidi wekundu nao huzidi. Kwa nini iwe hivyo, hawakuhitaji kujua, kichujio kiliuzika.

Aleksei Ekimov, mtafiti katika taasisi ya elimu ya nuru iliyopewa jina la Vavilov huko Leningrad, hakuridhika. Alichukua kioo kilichotiwa kloridi ya shaba, akakigawa, akavipasha vipande vyake kwa joto la kati ya nyuzi 500 na 700, kingine kwa saa 1, kingine kwa muda mrefu zaidi, mpaka saa 96. Alipovipiga kwa mionzi ya eksirei alikuta fuwele ndogo sana ndani yake: katika kioo kimoja zilikuwa za nanomita 2 hivi, na katika kingine zilifika 30. Kisha akapima nuru ambayo kila kipande kiliifyonza. Kloridi ya shaba ilikuwa ile ile katika vyote, na kwa mujibu wa vitabu ilipaswa kufyonza nuru ile ile. Haikuwa hivyo. Kadiri fuwele zilivyokuwa ndogo, ndivyo nuru iliyofyonzwa ilivyosogea upande wa buluu.

Ekimov alitambua kwamba elektroni iliyobanwa katika chumba kidogo hufanya kama uzi wa zeze: uzi ukifupishwa, sauti hupanda. Alichapisha matokeo yake mwaka 1981 katika jarida la Kisovieti. Miaka miwili baadaye Louis Brus, huko Marekani, aliliona jambo hilo hilo katika chembe zilizoelea ndani ya kimiminika, bila kujua kwamba lilikuwa limekwisha kuonekana katika kioo. Mwaka 2023 wawili hao, pamoja na Moungi Bawendi, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Chanzo kilikuwa jedwali: joto, saa, ukubwa wa fuwele, rangi. Lau Ekimov angeziona namba zisizokubaliana na kitabu akazisawazisha, jedwali lile lingekuwa nadhifu sana, na lisingekuwa na faida yoyote.

Siku hizi elimu ya vioo-kauri ni sehemu ya fotoniki, yaani ufundi wa kuitumikisha nuru kama elektroniki inavyozitumikisha elektroni. Afrika Mashariki inahusika nayo kila siku. Tangu mwaka 2009, nyaya za nuru zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zimefika Mombasa na Dar es Salaam, na katika nyaya za namna hiyo unyuzi mmoja mwembamba wa kioo huchukua nuru za mawimbi mengi kwa pamoja, kila moja na ujumbe wake. Urefu wa mawimbi hayo ni karibu nanomita 1550, na katika mpango mmoja unaotumika sana, wimbi na jirani yake hutengana kwa nanomita 0.8 tu. Kichujio kinachoyatenganisha chaweza kuwa kigae kilichopakwa tabaka za oksidi zaidi ya mia moja. Kikipata joto, rangi kinayoipitisha huhama. Mwaka 1995 mtafiti wa Kijapani Haruo Takahashi alionyesha kwamba uhamaji huo hutegemea mtanuko wa kigae: kigae kinachotanuka sana huzivuta tabaka zikawa nyembamba kidogo, na uhamaji ukafutika. Basi wahandisi wakaagiza kioo-kauri chenye mtanuko mkubwa, kinyume kabisa cha kile cha darubini. Hapa pia kasoro ilipimwa na kuandikwa kabla ya kutibiwa.

Turudi kwenye pini nne. Mtu atasema kwamba darasa ni kubwa, vipande vya kioo ni vichache, kipindi ni kifupi, na mwalimu hana nafasi ya kuchunguza kila jibu la ajabu. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini kuacha 1.62 ikae daftarini hakugharimu kitu. Kinachogharimu ni utaratibu wa maksi. Maadamu maksi hutolewa kwa kulikaribia jibu la kitabu, mwanafunzi mwenye akili atapika, na hawezi kulaumiwa. Maksi zilizo nyingi zingetolewa kwa vipimo vilivyoandikwa kama vilivyoonekana, pamoja na maelezo ya mwanafunzi kuhusu tofauti aliyoipata. Mara nyingi tofauti hiyo itakuwa kosa la kupima pembe, naye atajifunza kulitafuta. Wala 1.5 yenyewe si sheria ya maumbile. Kioo kilichotiwa risasi nyingi kweli hutoa 1.62, na kioo kile kile huipinda nuru ya buluu kuliko nyekundu.

Zipo shule zenye vipande vya plastiki angavu mahali pa kioo. Plastiki ya namna hiyo hutoa 1.49, na kioo cha kawaida hutoa 1.52 hivi. Mwalimu anaweza kuviweka vyote viwili mezani bila lebo, akawaambia wanafunzi wasivibishe wala kuvipima uzito, bali wavitambue kwa pini pekee. Baadhi watajibu upesi. Atakayeandika kwamba vipimo vyake hupishana kwa 0.05 kutoka jaribio moja hadi jingine, na kwa hiyo hawezi kuvitofautisha, apewe maksi zote.