Barazani kwa Mwalimu: Safari ya Kwanza ya Mtoto Ziwani Kivu



Juma lililopita mzazi mmoja wa Kadutu alinisimamisha njiani, mbele ya wanafunzi wangu, akaniuliza: "Mwalimu, wewe uliyesoma, je, yafaa nimpandishe mtoto wa miaka mitatu katika bato mpaka Goma?" Nikamwambia nitamjibu katika ukurasa huu, maana swali lake ni langu mwenyewe. Mimi nami nina mtoto wa miaka mitatu, na mimi nami nina deni la kumfikisha Goma.

Deni lenyewe ni hili. Mama mkwe wangu akaa Goma, na mjukuu wake huyu hajamwona hata mara moja. Macho yake yanafifia mwaka kwa mwaka. Kila Jumapili jioni hutupigia simu, na siku moja alisema: "Mwataka nimjue mtoto kwa kumpapasa uso?" Mke wangu alilia usiku ule. Lakini asubuhi nilipotaja safari alisema hapana, kwa kuwa anaogopa ziwa. Nami sikuweza kumwambia kwamba hofu yake ni ya bure.

Wale walioko mbali na Kivu wajue tunazungumza habari ya maji gani. Bukavu umejengwa mwisho wa kusini wa ziwa, juu ya rasi zake tano zilizonyoshwa majini kama vidole vya mkono. Goma uko mwisho wa kaskazini, chini ya milima ya moto. Kati yake ni mwendo wa kilometa 100 hivi kwa maji, na katikati kimelala kisiwa cha Idjwi, chenye urefu wa kilometa 40 au karibu. Barabara ya nchi kavu ni ndefu mara mbili, ni mbaya, na vita vimeikata mara nyingi. Mwaka 2024 mapigano yalipofunga njia kati ya Minova na Goma, watu na mizigo yao walihamia majini. Mwanzo wa 2025, Goma uliposhikwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, hata safari za ziwani zilikatika, kisha zikarudi. Kwa hiyo anayesema "asafiri kwa njia nyingine" hajui hali yetu.

Sasa nitaje lile ambalo kila mtu hulifikiri. Tarehe 3 Oktoba 2024 bato lililotoka Minova lilipinduka karibu kabisa na kituo cha Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja jamaa zao ufukoni. Lilikuwa limejaa kupita kiasi. Wengi walikufa, na hesabu yao ilibishaniwa, kwa sababu daftari la abiria halikuweza kuaminiwa. Nilizungumza na mama mmoja aliyempoteza dada yake siku ile. Hakuniambia habari ya mawimbi. Aliniambia kwamba dada yake alikuwa ndani, chini, katikati ya magunia, na aliyekaa chini hana mlango.

Nilidhani nimeelewa. Hata hivyo miezi michache iliyopita nilimshawishi mke wangu, tukafunga mizigo, tukashuka bandarini na mtoto. Nilikuta chombo ambacho maji yalikuwa yamebakiza shibiri chache kufika ukingo wake, na watu wakizidi kuingia, na magunia ya mihogo yakipandishwa juu ya watu. Nilikuwa nimekwisha lipa. Nikamwuliza karani kama jina la mtoto limeandikwa. Akacheka vizuri tu, bila ubaya, akasema: "Ingia, mwalimu. Mtoto hahesabiwi, huyo utampakata."

Mtoto hahesabiwi! Nilisimama pale ubaoni, nyuma yangu watu wakinisukuma, mbele yangu mke wangu akinitazama. Nilifikiri nauli iliyopotea, nikafikiri mama mkwe aliyekwisha chemsha ndizi. Nikageuka. Bato lile lilifika Goma salama siku ile, nami nilichekwa na jamaa. Shemeji yangu mmoja bado aniita "mwanajeshi wa nchi kavu". Mama mkwe hakutupigia simu Jumapili mbili. Nawaambia haya msije mkadhani kwamba mwenye busara hushukuriwa upesi. Lakini tangu siku ile mke wangu alianza kuizungumza safari, kwa kuwa alikwisha ona kwamba naweza kurudi.

Basi tulianza upya, naye ndiye aliyeanza. Alisema: tutafute kwanza jile ya mtoto. Jile ni kile kizibao cha kuelea, na watu wengi hudhani kwamba moja ni sawa na nyingine. Sivyo. Mvalishe mtoto mdogo jile ya mtu mzima, kisha umwinue kwa mabega ya jile yenyewe: utaona mtoto anateleza na kutoka chini, na jile inabaki mikononi mwako. Majini ni vivyo hivyo. Jile ya mtoto iwe ya uzito wake, tena iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Tuliitafuta majuma matatu, tukaipata kwa bei iliyonifanya nisikitike. Tukaenda ufukoni, mahali pa maji ya magotini, nikamweka humo huku nimemshika. Alipiga kelele kama mbuzi. Mara ya tatu alianza kucheka. Mtoto aliyeonja maji hivyo hatashtuka sana siku ya shida, wala hataivua jile kwa ukaidi akiwa safarini.

Liko jambo jingine linalohusu akina mama, nami naliandika kwa heshima. Desturi yetu ni kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Katika nchi kavu hakuna mahali pazuri kuliko mgongo wa mama. Ndani ya bato, lakini, mtoto aliyefungwa hawezi kuelea peke yake, na mama aliyevaa jile hawezi kumfungua upesi katika giza na msukosuko. Mke wangu alikataa neno hili siku mbili. Akaniuliza: "Nawe umebeba watoto wangapi?" Nikanyamaza. Kisha yeye mwenyewe akajaribu nyumbani kufungua fundo akiwa amevaa jile, akaliacha jambo hilo bila kuniambia kitu. Tumekubaliana kwamba mtoto atakaa mapajani, jile mwilini, kitenge kikimfunika kwa baridi tu. Na baridi ipo: maji haya yako mita 1,460 juu ya bahari, na upepo wa alfajiri hupenya sweta.

Mahali pa kukaa ni juu, penye hewa, karibu na ukingo lakini si juu ya ukingo, wala si chini kati ya mizigo hata kama kuna mvua. Tutasafiri mchana, katika chombo cha asubuhi, kwa maana mara nyingi ziwa hutulia asubuhi na upepo huamka baada ya adhuhuri. Vile vidogo vya mwendo wa haraka hufika kwa saa chache. Mabato makubwa huenda polepole, mengine usiku kucha. Bei hutofautiana sana, nami sitamhukumu mwenye mfuko mdogo. Ila vyovyote viwavyo, jina la mtoto liandikwe katika daftari, nawe ulione kwa macho yako likiandikwa.

Maji ya kunywa tutachemsha nyumbani. Hili nasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa nimeona wasafiri wakichota ziwani kwa kikombe. Wazee wanakumbuka Goma ya Julai 1994, kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi. Na ugonjwa huo haujahama katika pwani za ziwa hili.

Mke wangu alikuwa na hofu ya pili: amesikia ya kwamba ziwa lina gesi, nalo litalipuka. Habari ya gesi ni ya kweli. Katika vilindi vya Kivu, ambavyo hufika karibu mita 480, imo hewa ya kaboni nyingi mno pamoja na metani, zimeyeyuka katika maji mazito yaliyolala chini na kukandamizwa na maji mepesi ya juu. Upande wa Rwanda, mbele ya Karongi, tangu 2016 upo mtambo unaoivuta metani hiyo na kuifanya umeme. Wataalamu hulichunga ziwa, nao wana haki ya kulichunga: katika ziwa la Nyos, Kamerun, gesi iliyotoka usiku wa 21 Agosti 1986 iliua watu 1,700 hivi. Lakini chombo kinachopita juu hakiwezi kuyaamsha maji ya vilindini. Nilimweleza hivyo kwa kumimina asali chini ya maji katika bilauri. Maji ya juu yakicheza, asali haijali.

Gesi ninayoiogopa mimi ni ile ya nchi kavu, nayo ndiyo inayomhusu mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Kandokando ya Goma na Sake, katika mashimo na mabonde ya mawe meusi, hewa ya kaboni hutoka ardhini. Wenyeji waiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutanda chini kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mtu mzima aweza kupita salama, kichwa chake kikiwa juu yake. Mtoto anayemfuata nyuma, au anayeinama kuokota jiwe, yumo ndani. Mbuzi na mbwa hufa humo, na watoto wamekufa humo. Haina rangi. Nilimpigia mama mkwe simu, kwa mara ya kwanza baada ya Jumapili zile mbili, nikamwuliza kama karibu na nyumba yake kuna mahali pa namna hiyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Upo ukorofi mmoja nyuma ya ukuta wa jirani. Kuku hawaendi huko. Nitaweka miiba." Na tangu hapo tunaongea vizuri.

Lakini nisiwatie hofu tu, maana safari yenyewe ni somo ambalo darasani siwezi kulitoa. Tukiacha rasi za Bukavu, Idjwi itakuwa upande wa mashariki na migongo ya Kahuzi magharibi. Nitamwonyesha mtoto mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ikirudi nyumbani baada ya kuvua usiku kwa taa. Samaki hao si wa asili hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna jiko la Bukavu lisilowajua. Mbele kabisa atamwona Nyiragongo, mlima ambao moto wake ulipita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002 hadi ziwani, ukashuka tena 22 Mei 2021. Akiwa mkubwa nitamweleza kwamba zamani za kale maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa Nili, mpaka milima hiyo ilipoinuka na kuziba njia, yakalazimika kugeuka na kutokea kwetu kwa Ruzizi. Kwa sasa itamtosha kuuliza kwa nini mlima unavuta sigara.

Kwa yule ndugu wa Kadutu: jibu langu ni ndiyo, yafaa, endapo umekubali moyoni mwako, kabla ya kutoka nyumbani, kwamba unaweza kupoteza nauli.

Sisi tumechagua Jumanne ijayo. Jile imetundikwa msumarini karibu na kitanda, na mtoto huiomba kila jioni ailalie. Mama mkwe ameuliza ni ya rangi gani. Nikamwambia ni nyekundu. Akasema vizuri, rangi nyekundu bado anaiona.