JINA HALIJAZI CHUNGU

Mgeni akisha kuziona ngoma za watemi katika makumbusho ya Bujora, huteremka Mwanza akavuka kwa mashua hadi Saanane. Kisiwa hicho chaitwa kwa jina la mzee aliyekilima na kuvua pwani yake. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Jina la mzee limehifadhiwa. Twauliza: na riziki ya wavuvi wa leo je?

Huku kwetu Unguja, sehemu ya kiingilio cha Jozani huwarudia wanavijiji wanaouzunguka msitu. Hiyo si sadaka, ni haki yao. Kila hifadhi ya kisiwani na itangaze hadharani fungu la wenyeji. Wanachama, iulizeni hesabu hiyo bila ya kuchoka.