Uganga Uliopotea na Riwaya Inayosubiriwa Ugogo

Mwaka 2018 Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa Children of Blood and Bone, riwaya ya fantasia, yaani hadithi ya ulimwengu wa kubuni wenye nguvu zisizo za kawaida, ambamo msichana Zélie anataka kuurudisha uganga uliofutwa na mfalme aliyemuua mama yake pamoja na waganga wengine. Mzazi wa Majengo, Dodoma, akimkuta mwanawe na kitabu cha namna hiyo, huenda akahofia kuwa mtoto anafundishwa ushirikina. Nia yake ni njema, lakini hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa uganga wa hadithi hizi ni sura ya nguvu za wanaoonewa: dhalimu huupiga marufuku akijua kwamba wenye nao hawatamwogopa.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuipita njia hii ya fantasia zamani. Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951, inasimulia nchi iliyo angani, ambako mhusika Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inakwenda mbali zaidi, kwani imejengwa juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile, mganga wa tamthilia hiyo, anazama mtoni na kutoka akiwa mkavu; maji yake yanayaunganisha makabila yaliyokuwa yakihasimiana, na papo hapo yanawaaminisha wapiganaji kuwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wanakufa kwa wingi. Hata hivyo, akiwa kifungoni Kinjeketile anakataa kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa tangazo hilo lingewavunja moyo wote watakaopigania uhuru baadaye. Kijana aliyelisoma jambo hilo kwa makini hawezi kudanganywa kirahisi, wala na mganga wala na mtawala.

Ugogo, nchi ya Wagogo katika nyanda za kati za Tanzania, ina malighafi isiyopungua hiyo. Mtemi wa Kigogo, yaani kiongozi wa jadi wa eneo, alikuwa mtunzaji wa mawe ya mvua, yaani mawe yaliyoaminika kuleta mvua, katika nchi kame, kabla ya serikali ya kikoloni kuwageuza watemi kuwa watoza kodi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, ikafuata njaa kuu iitwayo Mtunya. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, aliandika historia na mila za Wagogo mwaka 1954. Riwaya ya vijana juu ya mawe yale na njaa ile ni deni la waandishi wa leo.

Basi wazazi na wawaache vijana wasome, walimu na wawape Kinjeketile mapema, na mwandishi wa Dodoma na aende vijijini kuwauliza wazee waliosimuliwa Mtunya na wazazi wao, maana kila mwaka wanazidi kupungua.