Vituo vya Kompyuta Visivyosikilizana Havitufai

Karani wa hospitali ya Samburu au Msambweni, kaunti ya Kwale, hawezi kumalizana na mgonjwa mwenye bima ya afya ya SHA mpaka mfumo wa bima hiyo, ulioanza kazi 1 Oktoba 2024, umtambue. Mfumo ukilala, mgonjwa hubaki benchini au hutoa pesa mfukoni. Tumezoea kulaumu minara ya simu ya Kinango, ilhali kompyuta zinazotoa jibu ziko mbali, na njia ya kuzifikia ina hatari zake. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na Uganda. Huduma ya umma ambayo mwananchi hana namna ya kuikwepa yapasa kuendeshwa na vituo kadhaa vilivyo mbalimbali, na mtandao wa kuviunganisha upangwe siku ya kwanza, si baada ya ajali.

Ili kuelewa kazi hiyo, tazama makontena: yanayopita Samburu kutoka bandari ya Mombasa hupanda lori au treni bila kufunguliwa, kwa kuwa vipimo vyake ni vilevile popote. Programu za siku hizi nazo hufungwa katika kontena pamoja na kila zinachohitaji, na programu iitwayo Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014, huzigawa kwenye kundi la seva liitwalo klasta. Shida huanza klasta zinapokuwa mbili. Kila moja ina anwani zake za ndani, aghalabu zinazoanza na 10, na mafundi wasioshauriana huchagua zilezile. Seva ya Nairobi ikiitafuta 10.0.0.5 iliyoko Mombasa, humpata jirani yake wa Nairobi mwenye anwani hiyohiyo. Kubadilisha anwani huku huduma inaendelea ni kazi ya kutesa. Kuzigawa mapema hakugharimu ila kikao kimoja cha watu makini.

Wapo watakaosema vituo vingi ni gharama na ni milango mingi ya wadukuzi. Ni kweli, ndiyo maana sipendekezi kila tovuti ya wizara ipewe mpango huu. Nazungumzia matibabu, vitambulisho na malipo. Mawasiliano kati ya klasta yafungwe kwa msimbo, na kila upande uthibitishe mwenzake. Wengine watauliza kwa nini tusikodi tu kwa kampuni kubwa ya ng'ambo. Lakini 20 Oktoba 2025 hitilafu katika eneo moja la Amazon, Virginia, ilizima huduma nyingi duniani kote. Ukubwa wa kampuni hauondoi hatari ya kutegemea eneo moja. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na vituo vyote vyaweza kuwa humu nchini.

Viwe vitatu. Vikiwa viwili na mawasiliano yakikatika, kila kimoja hudhani mwenzake amekufa, vyote huandika kumbukumbu, na kesho yake rekodi za mgonjwa mmoja hazilingani. Vikiwa vitatu, viwili vinavyosikilizana ndivyo huendelea. Viwili vikiwa Nairobi na mji wa teknolojia wa Konza, vitakaribiana mno, hivyo cha tatu kiwe Mombasa, ambako nyaya za baharini hutia nanga. Data hutoka huko hadi Nairobi na kurudi kwa muda usiofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Hapa ndipo Samburu inapoingia tena. Nyaya nyingi za faiba za Mombasa hadi Nairobi hufuata barabara kuu inayopita mjini humo. Mikataba miwili ya kampuni mbili haina maana ikiwa nyaya zote zimelala kwenye mtaro mmoja, zikisubiri buldoza la mjenzi wa barabara. Njia ya pili ipite kwenye nguzo za umeme, na ramani yake ikaguliwe kabla ya zabuni kutiwa saini. Kisha kila miezi mitatu, saa nne asubuhi ya siku ya kazi, kituo kimoja kizimwe makusudi mbele ya wakaguzi, na matokeo yachapishwe hata yakiwa ya aibu.