Chanjo Ina Kadi, Ugonjwa Hauna

“Tangu nichanjwe sina nguvu.” Kauli hii kuhusu chanjo ya UVIKO-19 imezunguka vijiweni, saluni na kwenye daladala tangu mwaka 2021, na wanaoitikia ni wengi kuliko wanaouliza: kabla ya sindano, uliugua nini?

Wengi waliugua. Walikohoa wiki nzima, wakashindwa kunusa hata vitunguu vinavyoungua jikoni, wakajifukiza nyungu, wakaambiwa ni “changamoto ya upumuaji”. Wengi hawakupimwa. Takwimu za UVIKO-19 nchini Tanzania ziliacha kutolewa Mei 2020, hesabu ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Basi leo mama anayesimama mara tatu akipanda ngazi za ghorofa moja hana karatasi inayoonyesha kuwa virusi vilimpitia. Aliyonayo ni kadi ya chanjo, yenye tarehe na mhuri. Nasi tumeitia hatiani chanjo, kwa kuwa ndiyo yenye kadi!

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii, UVIKO-19 ya muda mrefu: uchovu, kukosa pumzi na akili kuwa nzito, dalili zinazoonekana kwa kawaida miezi mitatu tangu mtu augue na kudumu angalau miezi miwili. Homa na maumivu ya mkono baada ya sindano huisha kwa siku chache. Madhara makubwa yapo, ila ni nadra: chanjo ya Johnson & Johnson, ile aliyochanjwa Rais Samia Julai 28, 2021, ilihusishwa na kuganda kwa damu kwa watu wachache mno. Anayelificha hilo anawapa wazushi mtaji. Lakini aliyechanjwa kabla ya kuambukizwa ana uwezekano mdogo zaidi wa kubaki na uchovu huo. Mtuhumiwa ndiye aliyekuwa mlinzi.

“Nilichanjwa na bado nikaugua.” Sawa, nani alikuahidi hutaambukizwa? Kingamwili hupungua damuni miezi ikipita, ndiyo maana kikohozi kikakupata. Seli za kumbukumbu hubaki, na ndizo zinazosaidia usifikie kuwekewa oksijeni. Ipo na hoja nyingine: Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alihoji: kama wazungu wanajua kutengeneza chanjo, mbona kifua kikuu hakijaisha? Hoja hiyo inarudiwa hadi leo, kwa majigambo, na watu wenye kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mwilini! Kazi kubwa ya BCG ni kumkinga mtoto mchanga na kifua kikuu kikali, kama kile cha utando wa ubongo. Inaifanya, na hakuna anayeishukuru.

Hata hivyo hasira yangu kubwa si kwa watu wa kijiweni. Ni kwa daktari anayemwambia yule mama “ni mawazo tu”, akamwandikia vitamini na kuita “anayefuata!” Akitoka hapo bila jina la ugonjwa wake, atapewa jina kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na chupa ya dawa ya “kutoa sumu ya chanjo”. Daktari, mpime mapafu na damu, muulize aliugua nini kabla ya sindano, kisha uandike jibu lake kwenye faili.